Yai Juu ya Pedali

Leseni yake ya kufundisha udereva ilitolewa Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1993, na namba yake ni 0412. Imetundikwa ukutani katika ofisi ya shule ya udereva, juu ya birika la umeme, na mvuke wa miaka thelathini na ushee umeikunja pembe moja. Picha iliyobandikwa pale inamwonyesha mwanamke wa miaka ishirini na mitano aliyekaza midomo, kana kwamba mpiga picha amemkatia njia bila kuwasha indiketa.

Tangu siku hiyo amekaa upande usio na usukani. Mbele ya mguu wake wa kulia kuna pedali ya pili ya breki, iliyounganishwa na ile ya mwanafunzi kwa fimbo ya chuma, na kwa sababu ya pedali hiyo kila mtu pale shuleni humwita Mama Breki. Jina limemganda. Mwanawe wa kwanza alipoanza darasa la kwanza aliulizwa mama yake anaitwa nani, akajibu, "Breki," na mwalimu akaandika hivyo hivyo kwenye daftari la mahudhurio.

Ana njia moja ya kufundisha. Mwanafunzi lazima aseme kwa sauti kila anachokiona barabarani. "Naona baiskeli. Naona mama na ndoo. Naona lori linawasha taa za nyuma." Anayenyamaza huambiwa aegeshe gari pembeni.

"Macho yako siyaoni yakifanya kazi," humwambia. "Mdomo wako nausikia. Kwa hiyo nifanyie kazi kwa mdomo."

Wenye maduka wa barabara zile wamezoea. Gari likipita na mtu ndani anaropoka kama mtangazaji wa mpira, hawainui hata kichwa. Wanajua ni mwanafunzi wa Mama Breki, na wanajua ana wiki ngapi tangu aanze, maana wa wiki ya kwanza hutangaza hata mawingu.

Mwanzoni mwa mwezi, mwenye shule alileta gari jipya. Huyu naye alifundishwa na Mama Breki, na mpaka leo akivuka barabara kwa miguu midomo yake hucheza kidogo. Alilizunguka gari akilifuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Mwalimu, hili lina macho sita," alisema. "Likiona kitu mbele linafunga breki lenyewe. Ukitoka kwenye mstari linakurudisha. Ukimkaribia sana aliye mbele linapunguza mwendo. Na huko kwa wenzetu wameshavuka hapa. Mtu anapanda, anataja anakokwenda, analala."

"Akilala nani anaendesha?"

"Gari."

"Na gari likilala?"

"Gari halilali, Mwalimu."

"Simu yako pia uliniambia haizimiki. Jana nimekupigia mara nne." Mama Breki alifungua mlango wa upande wake, akainama, akatazama chini. "Pedali yangu iko wapi?"

Mwenye shule alikohoa. "Nilifikiri, kwa kuwa lenyewe linafunga breki..."

"Sawa. Wewe umefikiri, mimi sipandi."

Fundi wa shule, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya sikio moja, alihitaji siku mbili kufunga pedali ya pili. Siku ya tatu Mama Breki alipanda.

Wanafunzi walilipa gari lile jina la Shangazi, kwa sababu haliachi kukukumbusha. Umesahau mkanda, linalia. Umesogelea ukingo, linalia na kukuvuta usukani. Gari la zamani, lile jeupe lenye mlango mmoja wa rangi nyingine, nalo likapata jina papo hapo: Mzee. Mzee hakukumbushi kitu. Ukikosea anazima.

Haitakuwa haki kusema Mama Breki alimchukia Shangazi tangu mwanzo. Alimchukia siku nne tu. Siku ya tano alikuwa akirudi nyuma kutoka kwenye geti, yeye mwenyewe kwenye usukani, ametazama vioo vyote vitatu kama anavyofundisha, na Shangazi akalia kwa nguvu na kusimama ghafla. Alishuka amekunja uso, tayari kumwita mwenye shule aje alione gari lake lililopagawa. Nyuma ya bampa, chini kabisa, mlinzi wa geti alikuwa amekaa kwenye kigoda akipiga viatu vyake rangi. Brashi ilikuwa bado mkononi.

"Gari lina adabu kuliko watu, Mama," mlinzi alisema, hajasimama.

"Na wewe unakaa nyuma ya gari kama jiwe!"

"Jiwe lingekuwa limeshagongwa."

Mama Breki alirudi kwenye gari, akalipiga bodi kwa kiganja mara mbili, kama anavyowapiga begani wanafunzi waliofaulu. Tangu hapo alianza kumwita Shangazi kwa jina lake.

Mwanafunzi aliyempa Mama Breki shida kuliko wote mwaka huu ni wifi yake. Ni dada wa mume wake, ana miaka hamsini na mmoja, ni muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka ishirini na miwili, na anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Huyu ni mtu anayeupata mshipa wa mtoto mchanga kwa sindano ya kwanza huku akimwimbia. Lakini magoti yake yamechoka na sakafu ya wodi. Kliniki moja ilikuwa imempa nafasi ya muuguzi wa kuwatembelea wagonjwa majumbani: kazi ya mchana, gari la kliniki, kukaa zaidi ya kusimama. Sharti lilikuwa moja. Awe ameleta leseni ya udereva kabla ya mwisho wa mwezi. Asipoileta, kuna mwenzake wa pili kwenye orodha.

Alikuwa amekwisha kufeli mara mbili. Mtihani wa tatu ulipangwa Alhamisi ya wiki ya mwisho, na kanuni inasema anayefeli mara tatu husubiri miezi sita.

Kwenye karatasi za mitihani yote miwili, mtahini aliandika maneno yale yale: "Anaona vizuri. Anachelewa kutenda." Mama Breki aliyasoma, akayaita woga, na dawa ya woga anayoijua ni mazoezi. Akaongeza masomo.

"Wifi, leo usinigombeze mbele za watu," muuguzi alikuwa akisema kila akifunga mkanda.

"Watu wako nje. Humu ndani tuko familia."

"Ulipoolewa kwetu hukujua hata kupika chai, nani alikuvumilia?"

"Kaka yako, na bado anainywa. Washa gari."

Shangazi alipokuja, muuguzi alikuwa kama aliyevuliwa viatu vinavyombana. Alipita mzunguko wa soko bila kutoa jasho. Alikaa nyuma ya basi kwa umbali ule ule kama waliofungwa kwa kamba. "Naona basi," alisema, na gari likapunguza mwendo. "Naona watoto wa shule," na gari likapunguza. Mama Breki alikaa kando yake, mikono mapajani, akisikia raha ya mwalimu anayemwona mwanafunzi wake akikomaa. Lakini kuna kitu kidogo kilichomkera na hakukijua ni nini, kama chembe ya mchanga ndani ya soksi.

Chembe hiyo ilijitokeza Jumanne, siku tisa kabla ya mtihani, kwenye barabara ya mafundi seremala.

Walikuwa kwenye mwendo wa arobaini. Kutoka kwenye kichochoro upande wa kushoto, wanaume wawili walitokea wakisukuma mkokoteni wenye kabati la nguo lililosimamishwa wima. Mlango wa kabati ulikuwa kioo kitupu, kutoka juu mpaka chini, na uliigeukia barabara.

"Naona mkokoteni," alisema muuguzi kwa sauti safi. "Naona kabati. Naona... wifi, naona sisi!"

Kweli walikuwapo. Ndani ya kioo wanawake wawili walikuwa wanakuja mbio ndani ya gari jipya, na nyuma yao barabara nyeupe na anga. Shangazi hakulia. Hakupunguza mwendo hata kidogo. Mguu wa Mama Breki ulianguka wenyewe juu ya pedali, matairi yakalia, na gari likasimama hatua mbili kutoka kwenye kabati.

Mmoja wa wale wanaume alipata pumzi kwanza. Aligonga kioo kwa kidole. "Mmejiona vizuri, akina mama? Kinauzwa."

Mkokoteni ulipopita, Mama Breki alimwelekeza wifi yake aegeshe mbele ya duka la rangi.

"Kabati uliliona?"

"Si nimesema?"

"Umesema. Mguu wako ulikuwa wapi?"

"Ulikuwa unasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Lione."

"Nani aone?"

"Shangazi." Muuguzi alitazama dashibodi kana kwamba kuna mtu pale. "Kila siku nikisema naona, anapunguza. Nikisema naona, anapunguza. Sasa nimesema naona, nikasubiri."

"Wifi. Ulidhani gari linakusikia?"

"Kwa akili sikudhani. Kwa mguu ndiyo nilidhani."

Mama Breki alicheka mpaka akafungua dirisha, na muuguzi akacheka kwa kuwa mwenzake anacheka, kisha kicheko kikawaisha wote wawili, kwa sababu ilikuwa Jumanne na mtihani ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Tena mtihani hufanyika kwa gari la kituo cha mitihani, gari kuukuu lisilo na jicho hata moja.

Aliporudi ofisini Mama Breki alimkuta mwenye shule na kumwaga yote. Gari limemharibia wifi yake, alisema. Mtu aliyekuwa anakaribia kuiva limemrudisha kwenye unga.

"Kioo kimelidanganya," mwenye shule alisema. "Kamera imeona barabara ndani ya kioo, ikadhani ni barabara. Mara moja katika mara elfu, Mwalimu."

"Na ile moja ina wanaume wawili na kabati."

"Kwa hiyo nilirudishe dukani?"

Mama Breki alimkumbuka mlinzi na kigoda chake. "Sijasema ulirudishe. Nimesema kuanzia kesho wifi yangu anapanda Mzee."

Mzee alikuwa gereji, nyuma ya ofisi. Fundi alikuwa amelala nusu ndani nusu nje ya mlango wa mbele, anabadilisha mipira ya pedali. Alipomsikia Mama Breki alijikokota nje na kuweka mipira miwili juu ya meza ya kazi, mmoja kando ya mwingine.

"Mwalimu, nikuulize swali la kijinga. Ndani ya gari hili, nani anajifunza?"

Mpira wa pedali ya mwanafunzi ulikuwa bado na mistari yake, umechakaa pembeni tu. Wa Mama Breki ulikuwa upara. Katikati ulikuwa umetoboka, na kitambaa cha ndani kinaonekana.

"Mimi ni mwalimu. Lazima nikanyage."

"Sawa. Lakini yote miwili niliifunga siku moja, Januari ya mwaka huu, kumbukumbu ninayo. Zamani wa kwako ulikuwa unamaliza miaka minne. Huu umekwisha kama kisigino cha tarishi." Fundi alivua miwani na kuifuta kwa shati, akaichafua zaidi. "Mwaka huu umempata mwanafunzi gani?"

Wifi yake alianza masomo Februari.

Mama Breki hakumjibu fundi, jambo ambalo fundi amelisimulia kwa watu wengi tangu siku hiyo. Aliingia ndani ya Mzee, akakaa upande wake, akafunga mlango wa rangi nyingine. Gari limezimwa, liko juu ya jeki, halina matairi ya mbele. Akafumba macho, akajaribu kusikia sauti ya wifi yake kwenye makutano ya posta. "Naona lori." Na mguu wake mwenyewe ukasogea. Alifumbua macho akautazama. Haukuwa umekanyaga kwa nguvu. Ulikuwa umegusa tu, kwa ulaini, jinsi mtu anavyomshika mgonjwa kiwiko kwenye ngazi bila hata kuwaza.

Wanafunzi wengine aliwaacha wakosee kidogo, wakashtuka, wakajifunza. Huyu alikuwa wifi. Huyu ndiye aliyemlelea wanawe, siku alizokuwa barabarani na wanafunzi mpaka usiku. Hakutaka aone aibu barabarani. Kwa hiyo kila wifi yake aliposema naona, pedali ya pili ilijibu, na kwa miezi minane muuguzi alikuwa amejifunza somo moja barabara: kwamba ukisema, gari linasimama. Shangazi hakumfundisha hilo. Alilikuta limeshafundishwa. Kisha muuguzi akaingia kwenye gari la mtahini, akasema naona lori, akamsubiri Mama Breki ambaye hakuwamo.

Anaona vizuri. Anachelewa kutenda.

Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, Mama Breki alijisemea, akashuka kwenye gari lisilo na matairi.

Alimkuta wifi yake kibarazani, ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto.

"Wifi, mitihani ile miwili hukufeli wewe. Nimefeli mimi."

"Vizuri. Nenda wakaandike jina lako kwenye fomu."

Alimweleza yote, mipira miwili na makutano ya posta. Muuguzi alisikiliza bila kumkatiza, kama anavyomsikiliza mzazi anayeeleza homa ilianza lini. Mwishoni alitoa mguu mmoja kwenye maji.

"Miezi minane unanidanganya kwa mguu?"

"Sikujua."

"Na leo mchana umelitukana gari la watu kwa kosa lako mwenyewe?"

"Nimelitukana."

"Nenda ukaliombe radhi kwanza, mimi nitasubiri." Lakini alishaanza kutabasamu, na baadaye akaacha kutabasamu. "Kazi yangu, wifi. Siku tisa."

"Nitaondoa mguu."

"Mguu wako? Mguu huo una akili zake, haujawahi kukusikiliza." Muuguzi aliufuta mguu wake, kidole kwa kidole, akifikiri. "Wodini tukimpata muuguzi mpya mwenye mkono mzito, hatumpi mtoto njiti siku ya kwanza. Tunampa yai. Alivishe nepi, alivue, alivishe tena. Likipasuka amejua mwenyewe, hatuna haja ya kumwambia."

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari nyuma ya uwanja wa mpira, Mama Breki alifungasha yai bichi kwenye mfuko mdogo wa plastiki na kulibandika kwa utepe wa gundi juu ya pedali yake, katikati kabisa. Yai halizuii breki. Ikilazimu, mguu unapita nalo. Lakini halivumilii kuguswa kwa upendo.

Mzee alikuwa bado juu ya jeki, kwa hiyo walikuwa na Shangazi. Muuguzi alibonyeza vitufe vyote vya msaada mpaka taa zao zikazimika. Shangazi alilia mara tatu, kwa masikitiko, akanyamaza.

"Naona nguzo," alisema muuguzi.

Yai likapasuka.

"Wifi! Nguzo iko kule!"

"Nimeliona. Nimelisikia. Endelea."

Siku ile yalipasuka manne. Mama Breki aliyabeba nyumbani ndani ya mifuko yake, akayakaanga, kwa sababu chakula hakitupwi. Siku ya pili, kwenye mitaa yenye watu wachache, yakapasuka matatu. Mume wake, ambaye ni kaka wa muuguzi na karani mstaafu wa stesheni, alianza kuulizia mara tu anaposikia geti.

"Leo mangapi?"

"Matatu."

"Aa, dada yangu anaendelea."

"Dada yako hana tatizo, kaka yake. Anayefundishwa ni mimi."

Na ilikuwa hivyo. Hakuna aliyemwambia Mama Breki, kwa miaka yote ile, kwamba kuzuia mguu ni kazi nzito kuliko kuukanyagisha. Jasho lilimtoka kwapani. Muuguzi akisema, "Naona gari linatoka kushoto," Mama Breki alihesabu moja kimoyomoyo, na kabla hajafika mbili ilimbidi aamini kwamba kuna mguu mwingine ndani ya gari. Siku ya tatu alifika mbili, na Shangazi akapunguza mwendo. Vitufe vyote vilikuwa vimezimwa. Aliutazama mguu wa wifi yake. Ulikuwa juu ya breki, umekaa kwa utulivu, kama uliokuwa pale siku zote.

Siku hiyo lilipasuka moja tu, kwa ajili ya mbwa.

"Hilo halihesabiki," muuguzi alisema kwa hasira. "Nilikuwa nimeshakanyaga! Mbwa mwenyewe shahidi."

"Ni kweli. Nimekuibia."

Siku ya nne na ya tano hakuna yai lililopasuka. Mume wake alifunua sufuria, akakuta maharage, akafunika tena.

"Mmegombana?" aliuliza.

Jumanne, siku mbili kabla ya mtihani, Mama Breki aliwasha vitufe vyote vya Shangazi. Muuguzi alishangaa. Si ndiyo sumu yenyewe?

"Gari la kliniki lina macho kama haya," alisema Mama Breki. "Jumatatu utapewa ufunguo, na mimi sitakuwamo kukuzimia. Sikiliza. Sema naona. Kanyaga. Mlio ukija baada ya hapo, mpuuze, ni Shangazi anarudia ulichosema. Mlio ukija kabla hujasema, mshukuru, halafu ujiulize ulikuwa unatazama nini. Yeye awe wa pili kuona. Siku atakapokuwa wa kwanza, moyo wako uende mbio kidogo."

"Na asipoona kabisa?"

"Ndiyo maana wewe ni wa kwanza."

Walizunguka saa nzima. Shangazi alilia mara sita, zote baada ya muuguzi kusema. Mara ya saba alilia kabla: mwendesha baiskeli alikuwa upande wa kulia, mahali ambapo kioo hakifiki, na muuguzi alikuwa anataka kuhama njia. Alirudisha usukani.

"Ahsante, Shangazi," aliliambia gari.

"Naam," aliitikia Mama Breki kwa niaba ya gari. "Sasa jiulize ulikuwa unatazama nini."

Alhamisi saa tatu asubuhi, kwenye kituo cha mitihani, Mama Breki alikaa kwenye benchi la saruji pamoja na walimu wengine na ndugu za watahiniwa. Gari la kituo liliondoka na muuguzi ndani, na mtahini yule yule, mtu mfupi mwenye kalamu mbili mfukoni. Dirisha la dereva lilikuwa wazi. "Naona geti," ilisikika. "Naona kibao." Kisha sauti ikapotea kwenye kona.

Mzee mmoja aliyekuwa anamsubiri mjukuu wake alimtazama Mama Breki kwa muda. Alitazama uso, akatazama chini.

"Mama, unashona?"

"Nini?"

"Mguu wako. Kama uko kwenye cherehani."

Mama Breki aliutazama. Ulikuwa unaikanyaga saruji, polepole, tena na tena. Aliuchukua kwa mikono miwili na kuuweka juu ya benchi, akaukalia.

Dakika thelathini na tano baadaye gari lilirudi. Liliingia polepole, likapisha pikipiki iliyokuwa inatoka, likasimama kati ya mistari. Mtahini alishuka kwanza, karatasi mkononi, akaja moja kwa moja kwenye benchi.

"Mwalimu, huyu huwa anaongea na nani njia nzima?"

"Na mguu wangu!" muuguzi alijibu kutoka kwenye gari.

Alikuwa amefaulu. Alipoteza alama kwenye kivuko, aliposimama na kumpisha mtu ambaye hakuwa anavuka bali alikuwa anamsubiri mkewe, na muuguzi akamsubiri mpaka mtu yule akavuka kwa aibu. Chini ya karatasi mtahini alikuwa ameandika: "Anaona vizuri. Anatenda. Apunguze maneno."

Muuguzi aliisoma mara tatu. Halafu aliishika shingo ya wifi yake kwa mkono mmoja, akaegemeza paji la uso wake begani pake, na kwa muda hakusema anaona nini.

"Usilie mbele za watu," alisema Mama Breki.

"Watu wako nje," alisema muuguzi. "Hapa tuko familia."

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, muuguzi atachukua gari la kliniki kwenda kwa mgonjwa wa kwanza kwenye orodha yake, bibi aliyevunjika nyonga anayekaa ng'ambo ya mzunguko wa soko. Saa mbili kamili Mama Breki ana mwanafunzi mpya, mwashi ambaye hajawahi kushika usukani. Mpira wa pedali umeshabadilishwa. Ameagiza trei moja ya mayai.